Nani Ana Haki ya Kumjibu Msanii?

Kuna kitufe kidogo ambacho Instagram ilikitangaza Desemba 2016. Ukikibonyeza, watu wanaendelea kuona kazi yako lakini hakuna anayeweza kuandika neno chini yake. Instagram haikuwa ya kwanza. Septemba 2013 jarida la Popular Science la Marekani lilikuwa limeshafunga sehemu ya maoni kwenye makala zake. Agosti 2014, PewDiePie, ambaye wakati huo alikuwa na wafuasi wengi kuliko mtu mwingine yeyote YouTube, naye alizima komenti zake kwa muda.

Kila msanii akikibonyeza kitufe hicho, kesi inafunguliwa upya. Eti anaogopa. Eti amejiona. Eti sanaa ni mazungumzo, sasa mbona unaongea halafu unaziba masikio? Na upande wa pili nao hujibu: kazi ni yangu, ukurasa ni wangu, sikudai maoni ya mtu.

Tunabishana kana kwamba jambo hili lilizaliwa na simu. Sivyo. Swali la nani ana haki ya kumjibu msanii, kwa lugha gani, na kwa gharama gani, ni la zamani sana. Na tukitaka kulifuatilia vizuri, pahali pa kuanzia si California. Twende Hulugho.

Hulugho iko kusini mashariki mwa Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Kusini yake kuna msitu wa Boni, na ukiuvuka unaingia Lamu. Wengi wa wakazi ni Wasomali wafugaji. Kwa mtu wa Nairobi jina hili huja kwenye taarifa ya habari tu, na mara nyingi ni habari mbaya. Lakini Hulugho imo ndani ya eneo kubwa la lugha ambalo kwa vizazi vingi limeendesha mojawapo ya mabaraza makali ya ushairi barani Afrika. Katika baraza hilo, kumjibu mshairi lilikuwa jambo la kawaida. Lakini halikuwa jambo rahisi.

Shairi linalochoma

Miaka ya 1920, baada ya vita vya Madarwishi wa Sayyid Maxamed Cabdille Xasan kumalizika, mshairi aliyeitwa Cali Dhuux alitunga shairi la kuwachokoza Waogaden. (Kwa maandishi ya Kisomali, herufi c ni sauti ya ain na x ni ile h nzito ya kooni. Kwa hiyo jina hilo soma Ali Dhuh.) Aliwasimanga kwamba wamenyang'anywa ngamia na visima na Waisaaq, na bado wamekaa kimya. Shairi hilo, na mfululizo mzima uliolifuata, linajulikana kwa jina Guba. Jina linatokana na kuchoma.

Waogaden ndio ambao matawi yao yanakaa sehemu kubwa ya Garissa leo, Hulugho ikiwemo. Kwa hiyo Guba si hadithi ya watu wa mbali.

Mshairi wa Waogaden, Qamaan Bulxan, alijibu. Salaan Carrabey wa Waisaaq naye akaingia. Wengine wakafuata, na mnyororo ukaendelea kwa miaka mingi. Wasomali huuita mnyororo wa namna hii silsilad, neno ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa, maana nasi tuna silsila. Mwaka 1963 wataalamu wawili, B. W. Andrzejewski na Musa Galaal, walichapisha uchambuzi wa pambano la mashairi la washairi hao watatu. Wakati huo mashairi hayo yalikuwa yametembea kwa vinywa kwa miongo kadhaa bila karatasi.

Wasomaji wa Kiswahili hawatashangaa sana. Kusini mwa msitu huohuo wa Boni, karne moja kabla ya Guba, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walikuwa wakirushiana beti wakati wa uhasama wa miji yao. Kujibizana kwa mashairi kumetulea sote, pwani na bara ya kaskazini.

Ila tazama vizuri kanuni za mchezo wenyewe upande wa Wasomali, kwa sababu hapo ndipo jibu la swali letu linapoanza kuonekana.

Gharama ya kukomenti

Kwanza, gabay, yaani lile shairi zito la wanaume, haliendi bila urari wa herufi. Ukichagua sauti ya d, basi kila nusu ya mstari, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, iwe na neno linaloanza na d. Shairi likiwa na mistari mia, ni kazi ya mistari mia. Na juu ya hiyo kuna mizani. Mtu aliyetaka kumjibu Cali Dhuux hakuweza tu kusimama kisimani na kusema "wewe ni mjinga". Aliweza kusema, bila shaka, lakini halikuhesabiwa kuwa jibu. Jibu la shairi lilikuwa shairi.

Pili, shairi lilikuwa na mwenyewe. Aliyelighani pahali pengine alitakiwa kutaja jina la mtunzi kabla ya kuanza, na kulitoa neno kwa neno kama alivyolipokea. Sayyid mwenyewe alikuwa na mkariri wake mashuhuri, Xuseen Dhiqle, ambaye kazi yake ilikuwa kuhifadhi mashairi ya bwana wake kichwani na kuyapeleka kwa watu. Mkariri hakuruhusiwa kupunguza wala kutia chumvi. Hebu fikiria: jamii isiyoandika lugha yake, maana Kisomali kilipata alfabeti rasmi Oktoba 1972, ilikuwa na ulinzi wa kazi ya msanii kuliko mtandao wetu wenye kumbukumbu ya kila kitu.

Tatu, tusi lilikuwa na bei. Kwa sheria ya mila, inayoitwa xeer, kumvunjia mtu heshima kulidaiwa fidia, na fidia ya heshima ina jina lake, xaal. Na deni la mtu halikuwa lake peke yake. Ndugu wanaochangia malipo pamoja naye waliguswa. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, wazee wa kwenu walikuwa na sababu nzuri sana ya kukuuliza umefikiria vizuri?

Weka mambo hayo matatu pamoja. Aliyetaka kumjibu msanii alilipa kwa sanaa, kwa jina lake, na pengine kwa mifugo ya ukoo. Baraza lilikuwa wazi kwa maana kwamba hakuna mlinzi aliyesimama mlangoni. Lakini kizingiti chenyewe kilikuwa kirefu.

Sasa linganisha na mtu anayeandika "takataka" chini ya mchoro wa msichana, kwa akaunti yenye picha ya gari na jina la uongo. Hakulipa kitu. Hakuna anayemjua, hakuna wa kumdai, na kesho amesahau. Wanaosema kwamba kuzima komenti ni kuvunja utamaduni wa kale wa majibizano wameusoma utamaduni huo nusu. Waliotuachia majibizano walituachia na masharti yake.

Mlango wa wanawake

Lakini tusipambe sana enzi hizo. Kizingiti kirefu huzuia wapuuzi, na huzuia wengine pia.

Gabay lilihesabiwa kuwa la wanaume. Wanawake walikuwa na utanzu wao, buraambur, wenye mizani yake na ufundi wake. Walitunga kuhusu ndoa, uzazi, kazi, vita, na waume wasiofaa. Lakini wakariri wa kiume waliosafiri na mashairi kutoka kisima hadi kisima mara chache walibeba buraambur. Barazani halikuonekana kuwa na uzito. Ndiyo maana leo tuna majina ya washairi wa kiume kwa makumi kutoka karne ya kumi na tisa, na ya wanawake ni machache mno.

Wanawake walifanya nini? Walikutana wao kwa wao. Kwenye harusi, kwenye sherehe ya mtoto, na kwenye sitaat, ile mikutano ya kidini ambamo wanawake huimba sifa za Mama Hawa na Fatuma binti wa Mtume. Waliimba ndani ya nyumba, mbele ya wanawake wenzao. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, ngoma inapigwa.

Hapo ndipo ninapoona historia ya kweli ya kitufe chetu. Mwanamke aliyeimba ndani ya chumba hicho alikuwa na wasikilizaji, tena wasikilizaji wakali wanaojua sanaa. Alijibiwa papo hapo. Ila alikuwa amechagua nani wa kumjibu. Wanaume waliokaa nje na kahawa yao hawakuwa na nafasi ya kusema sauti yake ni aibu, kwa sababu hawakualikwa. Je, tutasema mwanamke yule alikuwa mwoga?

Ni kweli alilipa kwa chaguo hilo. Sanaa yake haikusafiri mbali, na majina mengi yamepotea. Siwezi kuliita jambo hilo ushindi. Lakini alipata pahali pa kufanya kazi, na kazi ikafanyika.

Wanawake walipoanza kutoka kwenye chumba hicho na kwenda redioni miaka ya 1950, walitafuta ngao nyingine. Shamis Abokor, mmoja wa wanawake wa kwanza kuimba Radio Hargeisa, aliimba kwa jina la Guduudo Carwo. Hakuwa peke yake. Jina la usanii lilimficha mwimbaji asijulikane na jamaa ambao wangeona kuimba hadharani ni kuwaabisha. Sauti ilikuwa wazi kwa kila mtu mwenye redio, mwenye sauti akawa amejifunika.

Redio haisikii

Na redio yenyewe ilileta kitu kipya kabisa. Kabla yake, kila msanii alikuwa karibu na mkono wa msikilizaji wake. Redio iliongea, haikusikiliza. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza Julai 1957, na mchungaji aliyekaa chini ya mgunga na redio ya betri angeweza kukasirika hadi apasuke, mtangazaji asijue. Kama tunatafuta aliyekuwa wa kwanza kuzima komenti kwa kila mtu, ni redio.

Huku kwetu, redio ilifika katika nchi ambayo tayari ilikuwa imefungwa kwa njia nyingine. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile NFD ya wakoloni, iliwekwa chini ya sheria ya 1926 iliyoifanya eneo la kuingia na kutoka kwa kibali, kisha sheria ya 1934 ikawapa maofisa nguvu zaidi juu ya wenyeji. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza ilizunguka kuwauliza watu wanataka nini. Wasomali walio wengi walisema wanataka kujiunga na Somalia. Jibu lao liliandikwa vizuri, likawekwa kando. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mwezi huo haujaisha, hali ya hatari ikatangazwa kaskazini mashariki. Vita vya Shifta vilidumu hadi 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi 1991.

Miaka ishirini na nane. Kizazi kizima kilizaliwa, kikaoa na kikazaa ndani ya sheria iliyoruhusu mtu kukamatwa na kuwekwa ndani bila kushtakiwa.

Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama viliteketeza mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililizungumzia tukio hilo katika ripoti yake ya 2013. Watu wa Garissa wana jina lao kwa siku zile: Gubai. Ni shina lilelile la Guba, kuchoma. Lugha moja, neno moja, mara ya kwanza kwa ulimi, mara ya pili kwa moto wenyewe.

Ninaliweka hapa kwa sababu mjadala wa kuzima komenti ukifanywa Nairobi mara nyingi husahau kwamba kuna watu ambao historia yao yote ni ya kuzimwa. Msanii akijifungia mlango, ni jambo moja. Serikali ikikufungia, ni jambo lingine. Kwa nje yanafanana: ni kimya tu. Tofauti iko kwenye ufunguo uko mfukoni mwa nani.

Kaseti ilirudisha majibu

Garissa ilipokuwa inakaribia kuungua, ng'ambo ya mpaka kulikuwa na mnyororo mwingine unatembea. Mwaka 1979 Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu kama Gaarriye, alitunga shairi la kupinga ukabila, kwa urari wa herufi d. Rafiki yake Hadraawi, aliyekuwa ametoka jela mwaka 1978 baada ya kufungwa miaka mitano na serikali ya Siad Barre, akajibu. Makumi ya washairi wakaingia, kila mmoja kwa d ileile. Mnyororo huo unaitwa Deelley.

Redio ya serikali isingeyarusha mashairi hayo. Hapo ikaingia kaseti. Mtu anarekodi shairi lake chumbani, rafiki anatoa nakala, dereva anabeba, mwingine anatoa nakala ya nakala. Mshairi wa mji mwingine anasikiliza, anatunga jibu, anarekodi, na safari inaanza upya. Kile ambacho redio ilikuwa imekizima, kaseti ikakiwasha. Na masharti ya zamani yalirudi nayo: lazima utunge, lazima ufuate herufi, lazima sauti yako ijulikane. Hakuna aliyejibu Deelley kwa kuandika neno moja na kukimbia.

Chini ya udikteta kujibu kulikuwa na bei mpya, nayo ilikuwa jela. Waliolipa walijua wanachonunua.

Simu na kukaa tu

Wasomali wana msemo mzuri kwa ugomvi wa siku hizi: fadhi ku dirir, kupigana ukiwa umekaa. Ni yule bwana wa mkahawani anayeongoza majeshi na kupindua serikali huku chai inapoa. Simu ilimpa bwana huyo uwanja usio na mwisho. Agosti 2023 serikali ya Somalia ilitangaza marufuku ya TikTok na Telegram, ikitaja magaidi na maudhui machafu. Kenya tuna sheria yetu ya 2018 ya uhalifu wa mitandaoni, yenye kifungu cha kuhusu unyanyasaji. Tanzania mwaka huohuo wa 2018 iliweka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtoza mwenye blogu ada ya leseni na kumbebesha mzigo wa yale ambayo wengine wameandika kwake. Serikali zikiona kelele, dawa wanayoijua ni kufunga.

Kaunti za mpakani zina njia yao nyingine ya kuzimika. Minara ya simu imelipuliwa mara kadhaa na al-Shabaab kaskazini mashariki, na mnara ukianguka, hakuna komenti, hakuna M-Pesa, hakuna kumpigia daktari.

Sasa tuseme kuna msichana Hulugho anayechora. Au anatunga buraambur na kuirekodi kwa simu, uso hauonekani, mkono tu wenye hina. Netiweki ikikubali anapandisha. Watu elfu mbili wanaona. Watu arobaini wanaandika. Thelathini kati yao hawasemi lolote kuhusu kazi. Wanauliza ni wa ukoo gani, baba yake anajua, kwa nini haolewi. Nyanya yake alikuwa na chumba chenye mlango. Yeye ana ukurasa ambao wanaume wote waliokuwa nje na kahawa yao wameingia bila hodi, tena wamekaa mbele.

Akizima komenti, amefanya nini? Kwa hesabu ya Guba, hajamnyima mtu haki yoyote. Anayetaka kumjibu bado anaweza: atunge, ajitaje, aweke kwake. Kwa hesabu ya sitaat, amerudisha mlango uliokuwepo. Ndiyo kusema ninamwelewa, na ninadhani yuko sawa.

Lakini kuna upande ambao haunipi usingizi. Guba haikuishi miaka mia kwa sababu ya Cali Dhuux peke yake. Iliishi kwa sababu Qamaan alijibu. Bila jibu, lingebaki simango la mtu mmoja, na pengine lingekufa kisimani. Gaarriye angekuwa na shairi zuri moja, na Deelley isingekuwepo. Na zile buraambur zilizoimbwa ndani ya nyumba bila mkariri wa kuzibeba, tunazililia leo. Msanii asiyejibiwa na mtu yeyote, popote, anaweza kulindwa hadi asahaulike.

Warsan Shire, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1988 kwa wazazi wa Kisomali, aliona upande mwingine wa jambo hili. Wakati wa msukosuko wa wakimbizi wa 2015 Ulaya, mistari ya shairi lake Home ilitembea kwenye mabango na kwenye simu za watu ambao wengi hawakujua jina lake. Kazi ilifika kila pahali. Lile sharti la mkariri, la kumtaja mtunzi kwanza, lilianguka njiani.

Kwa hiyo kazi haiishii kwa msanii na kitufe chake. Sisi tunaobaki nje ya mlango uliofungwa tuna la kufanya. Tunaweza kumtaja mtunzi kila tunapoibeba kazi yake. Tunaweza kumjibu kwa kazi: mchoro kwa mchoro, ubeti kwa ubeti, hata kama utatuchukua mwezi. Ni gharama, ndiyo, na ndivyo majibu yalivyokuwa.

Visimani miaka ya 1920, shairi la Cali Dhuux lilipoghaniwa, bila shaka kulikuwa na umati. Walicheka, walitukana, walipiga makofi, waliropoka. Hakuna anayekumbuka neno lao hata moja. Tunakumbuka wale wachache waliokwenda kukaa chini na kutafuta maneno.